Frigo ya Kabondo Ilisema Tano

Wametodisti wa Kamina husamehe kila Jumapili. Ni majirani zangu, nawapenda, na Pasaka ikikaribia wananunua vitenge kwangu. Dini yangu mimi nayo inafundisha kusamehe, ila siku ya somo hilo msikitini nadhani nilikuwa dukani. Kwa hiyo ukinikuta hapa ninamsema Papa Matthias vibaya, usiniletee habari za moyo safi. Naitwa Bibiche. Wazee wetu walitoka Kasongo wakifuata biashara wakabaki hapa, duka langu liko karibu na gare, stesheni ya treni, na ukuta wa duka ndio ukuta wa biro ya huyo Matthias, yaani ofisi yake. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Miaka yote umenipa habari bila kuniuliza kama nazitaka.

Lakini ninayetaka mumjue ni Talitha. Tulikaa benchi moja shuleni, yeye mtoto wa mwalimu wa hesabu, mimi mtoto wa muuza vitenge, tukagawana karanga na kunong'onezana majibu. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na dada yake Ève, ambaye alikuwa bado msichana mwenyewe. Ève ndiye aliyemsuka nywele, aliyempiga, aliyempeleka shule. Baadaye Ève akawa muuguzi, muganga kwa luga yetu, akatumwa Kabondo-Dianda, kule Bukama, mahali ambapo barabara ikinyeshewa ni afadhali utembee kwa miguu. Talitha akaenda Lubumbashi kusoma kompyuta. Wenzake wote walibaki kule. Yeye akarudi Kamina, watu wakamcheka: msomi gani huyu anarudi kwenye vumbi? Alirudi ili asiwe mbali na yaya yake, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Hakuwahi kusema hivyo, lakini mimi si kipofu.

Akapata kazi kwa Matthias. Biro hiyo ilikuwa imepewa kazi nzuri: kuangalia ubaridi wa frigo za chanjo katika vituo vya afya vya mbali. Ndani ya kila frigo kuna kipimo kidogo chenye waya, kando yake mashini ndogo, na mashini inatuma habari za joto kwa simu mpaka Kamina, kwenye ekrani kubwa ukutani. Kijani, chanjo iko salama. Nyekundu, kimbia.

Adhuhuri Talitha alikuwa anakuja kula bukari, ugali wetu, kwangu, na siku moja nilimuuliza kazi yake hasa ni nini, maana nilichoona mimi ni msichana anayeikodolea macho mashini. Alivuta vitenge viwili juu ya meza yangu, akaviweka mbalimbali.

"Ile mashini inasemaka luga mbili," alisema. "Huyu wa kwanza njo C. Njo anasomaka kipimo. C hapigake makelele. Ukimutuma kazi, anakurudishia namba. Zero, maana yake kazi ilienda muzuri. Namba ya chini ya zero, kuko mubaya. Na sababu ya ule mubaya anaiweka pembeni, kimya. Usipoichukua palepale, kazi ingine inakuya, inaifunika, unabakia bila kujua mufu alikufa na nini."

"Na huyu wa pili?"

"Huyu njo Python. Njo anatumaka habari ku ekrani. Huyu ni mama wa kilio. Kintu ikiharibika, anapiga yowe. Yowe inapanda nyumba kwa nyumba mpaka kukuwe muntu wa kuipokea. Kama hakuna muntu, programu yote inakufa pale pale, na kila muntu anajua."

"Sasa watasikilizana namna gani, mmoja kimya, mwingine kelele?"

Aliweka mkono wake katikati ya vitenge. "Njo kazi yangu. Minyi niko daraja."

Nikamtania: na huyo mama wa kilio akipiga yowe akiwa ndani ya nyumba ya yule bubu? Alicheka mpaka akaacha kula, kwa sababu, alisema, nilikuwa nimegusa penye ugumu kuliko pote. Mara nyingine C humwita Python amsaidie kazi ndogo. Python akipiga yowe humo ndani, yowe halina njia ya kupita katika nyumba ya C. Linapotelea humo, au linaangusha nyumba nzima. Lazima daraja lilidake mlangoni, liligeuze kuwa namba, sababu yenyewe liifunge vizuri na kuibeba, halafu likifika ng'ambo liligeuze tena kuwa yowe lilelile na maneno yake yote.

"Daraja haina ruhusa ya kupoza," alisema. "Mubaya iingie mubaya, itoke mubaya."

Alikuwa na fahari na daraja lake hilo. Mwanzoni ekrani ya Matthias ilikuwa inawaka nyekundu mara kwa mara, waya zikilegea huku na kule, na kila ikiwaka Talitha alifurahi. Maana yake daraja linasema kweli.

Matthias hakufurahi.

Sasa nikueleze huyu mtu, na nitajaribu kutenda haki ingawa sina hamu. Matthias ni mtu mzima, mtu wa tai, kiongozi wa walei kanisani, sauti yake laini. Alikuwa fundi wa kompyuta kweli zamani, kabla hajapenda mikutano. Na mji mzima ulimtegemea kwa jambo moja: kupeleka habari za msiba. Unajua desturi yetu. Mtu aliye mbali akifiwa na baba, huwezi kumpigia simu ukasema baba amekufa. Utamuua na yeye. Unamwambia baba aliamka vibaya. Kesho unamwambia tumempeleka hospitali, uje. Akishafika, akishakaa, akishapewa maji, watu wakimzunguka, ndipo anaambiwa. Hakuna aliyekuwa bingwa wa hayo kama Matthias. Mimi mwenyewe aliniletea habari ya baba yangu namna hiyo, na nilimshukuru. Ni desturi nzuri. Binadamu ana magoti, na magoti hulegea.

Mashini haina magoti. Hilo Matthias hakulifikiri.

Wiki moja Talitha alikuwa kitandani na malaria, na wafadhili wakawa wanakuja kutembelea biro. Matthias akaona aibu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu kwenye simu kwamba ekrani nyekundu mbele ya wageni ni kilio ndani ya arusi. Akafungua kazi ya Talitha, akaingia kwenye daraja, akabadilisha kitu kidogo. Tangu siku hiyo C akirudisha namba ya msiba, daraja halikuigeuza kuwa yowe. Lilichukua joto la mwisho lililokuwa zuri, likalituma hilo, na kuendelea kulituma mpaka kipimo kipate nafuu. Baba aliamka vibaya kidogo, basi. Ekrani ikawa kijani, wageni wakapiga picha. Kisha, ili kazi ionekane ya kisasa, Matthias akakusanya zile termometa za zamani zilizokuwa ndani ya frigo. Za nini tena, mbili mbili?

Talitha alipopona akakuta kijani kila mahali. Akadhani mafundi wamekaza waya.

Kule Kabondo-Dianda mvua ilikuwa imeshika. Jua halikuonekana, panneau za sola zilishindwa, betri ikachoka, frigo ikawa inapoa nusu nusu. Panya wakala waya wa kipimo. Frigo ya Kabondo ilisema tano. Kesho yake tano. Digrii tano, baridi inayoifaa chanjo: tano asubuhi, tano adhuhuri, tano wakati wa joto la unyevu linaloozesha samaki kabla ya jioni. Ève akitia mkono ndani alisikia ubaridi, kwa sababu kule kila kitu kisichochemka ni baridi. Akawachoma watoto chanjo ambayo ilikuwa imekwisha kufa.

Surua ikaja. Ikawapata waliochanjwa na wasiochanjwa. Wengi walipona. Précieux, mtoto wa mama mmoja anayeitwa Valérie, hakupona.

Wakaguzi wakatazama rekodi za ekrani. Tano, tano, tano. Kwa hiyo frigo ilikuwa nzima. Kwa hiyo mwenye kosa ni muuguzi. Mtu akasema labda alitoa chanjo nje ili aweke samaki za wafanyabiashara, na kwa watu wa Kabondo, ambao maisha yao ni samaki na shida ya barafu, maneno hayo yaliingia bila kubisha hodi. Ève akasimamishwa kazi. Wanawake aliowazalisha wakamtupia matumbo ya samaki mlangoni. Alifika Kamina juu ya lori la makaa akiwa na kanga yake na Biblia, akaketi uani kwa Talitha, na hakwenda kanisani tena. Nilikwenda kumwona. Aliniambia jambo moja tu: "Bibiche, banasema nimeua bana juu ya makoa." Kwamba ameua watoto kwa ajili ya samaki; makoa ni jina la samaki wao. Niliporudi dukani nililia kwa hasira mbele ya wateja.

Talitha ndiye aliyekwenda Kabondo kuchukua vitu vya dada yake. Akiwa huko akaingia kituoni, maana ni kazi yake, akafungua frigo. Akaangalia nyuma yake, akaona waya umekatika, mavi ya panya yamekauka, na kitaa cha mashini kinawaka kijani. Alirudi, hakupitia hata nyumbani kuoga. Alikaa kwenye mashini yake akafungua daraja. Halafu nikasikia kiti kikisukumwa na mlango wa Matthias ukifunguliwa, nikaweka mkasi chini.

"Chef, fil ya kipimo ya Kabondo iko ya kukatika. Panya ilikula."

Nikasikia karatasi zikipangwa.

"Frigo ilikuwa inasema tano, na haina hata na kipimo."

"Ma fille, ikala kwanza," Matthias akamwambia aketi, kama baba na binti yake. "Papa yako anaendelea muzuri?"

"Chef, sikukuya juu ya papa. Njo weye uliigusa daraja?"

Kisha akaanza kwa ile sauti yake, ile ambayo ilinipa habari ya baba yangu. "Nilitia tu kintu kidogo, juu bageni basiogope. Sikujua itafika hapa. Sasa sikia muzuri. Commission ya Lubumbashi inakuya kuangalia système, bakipenda batatupatia frigo za province yote. Weye utatengeneza ile kintu, polepole, bila makelele. Na mambo ya Ève ikwishe pale ilipo. Amekwisha kubeba, abebe tu. Tutamutafutia kazi ingine. Tuko bandugu mu kanisa."

Abebe tu. Nilishika fimbo yangu ya kupimia vitenge, na Mungu ananiona, nilikuwa nimekwisha kutoka mlangoni. Talitha akanikuta barazani. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Bibiche, rudisha ile fimbo."

"Nataka nimpime tu."

"Sikia. Minyi nikipiga yowe leo, atasema ninamutetea yaya wangu. Bote batamuamini yeye. Anajua kusema." Akaingia dukani, akaketi. "Anataka nimutengenezee? Nitamurudishia zero."

Nikamwambia sielewi.

"Zero, maana yake kazi ilienda muzuri. Akiuliza, nitamuambia imekwisha. Njo vile alifanya daraja. Na yeye akule ile."

Ukweli ni kwamba nilimbusu.

Lakini kabla ya kisasi alifanya lingine, nami nalisema ili asije mtu akamhukumu bure. Aliwapigia simu wauguzi wa vituo vyote, mmoja mmoja, na hakuzunguka: ekrani inadanganya, msiiamini, usichome chanjo yoyote mpaka uone joto kwa macho yako. Termometa akanunua yeye, nami nikazisafirisha. Kaka yangu Amuri anapeleka bidhaa Kabongo na kwingineko. Zilisafiri ndani ya marobota yangu ya vitenge, zimekunjwa katikati, na hakuna hata moja iliyovunjika. Wauguzi waliambiwa wafunge mdomo mpaka ile tume, commission ya Lubumbashi, ije. Walifunga. Kila mmoja wao alijua kwamba kilichompata Ève kingeweza kumpata yeye.

Jambo gumu lilikuwa nyumbani. Talitha aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, amevaa vizuri, anamsalimia Matthias. Mji ukasema anakula mshahara wa ekrani iliyomhukumu dada yake. Ève mwenyewe akasema, mbele yangu, uani: "Weye unakula ku meza ya ule muntu?" Ève alikuwa hajaambiwa kitu. Talitha aliogopa kwamba dada yake, mtu wa kusamehe, angekwenda kuongea na mchungaji na mambo yote yangepoa. Kwa hiyo akanyamaza, akaendelea kuosha sahani. Nilitaka kusema mimi. Alinitazama nikameza maneno yangu.

Kila siku Matthias aliuliza kupitia mlango: "Ile kintu, iko namna gani?"

"Zero, chef. Kazi imeenda muzuri."

Hakuomba kuona. Alikuwa anachagua tai.

Commission ikaja. Mkubwa wao alikuwa daktari mmoja mwanamke mfupi wa miwani, mwenye tabia ya kugusa kila kitu. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa biro, meza zimefunikwa vitenge vyangu, na mimi nikajipa kazi ya kuhakikisha havichafuki. Frigo mpya iliwekwa mbele, waya wa kipimo ndani, ekrani ukutani. Tano, kijani. Matthias alizungumza vizuri sana. Alizungumza juu ya uwazi. Alizungumza hata juu ya Kabondo-Dianda, kwa huzuni, na jinsi mashini bora haiwezi kuzuia uzembe wa binadamu. Wachungaji waliokuwepo wakatikisa vichwa. Nilikanyaga mguu wangu mwenyewe ili nisiropoke.

Kisha akamwita Talitha aonyeshe. Talitha akasimama, akasema kwa adabu: "Docteur, naomba weye mwenyewe uchomoe ile waya."

Daktari, ambaye alikuwa anangoja tu aambiwe aguse, akachomoa. Waya ukabaki mkononi mwake unaning'inia. Sote tukatazama ukutani.

Tano. Kijani.

"Inachelewa?" daktari akauliza.

"Haichelewe, Docteur. Ngoja tu. Hata mupaka kesho itasema tano."

Daktari akasogea akashika ile mashini ndogo, akaigeuza, akaangalia tundu tupu ambalo waya ulitoka. Ekrani ikaandika upya habari zake mbele ya kila mtu: tano. Nilimtazama Matthias. Jasho lilikuwa limetoka pale juu ya mdomo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuwa unakuja, nami nikaungoja kwa furaha ambayo sikuona sababu ya kuificha.

"Talitha!" akapiga kelele, na sauti laini yote ikamtoka. "Uliniambia ulitengeneza! Kila siku uliniambia imekwisha!"

Daktari akavua miwani polepole.

"Kumbe ulikuwa unajua kama imeharibika," alisema.

Matthias akafungua mdomo. Akamtazama Talitha, akatazama wachungaji, akatafuta neno la kuanzia, baba aliamka vibaya, mvua imenyesha, na hakuna hata moja lililokuja. Talitha hakumwangalia. Alikuwa ameshafungua daraja kwenye ekrani ileile, akamwonyesha daktari mahali hasa: hapa C analeta namba ya msiba, hapa daraja linaitupa, hapa linachukua joto la zamani. Akasema jina la aliyeandika na wakati alipoandika. Akasema Kabondo. Halafu akasema, "Muganga wa kule ni yaya wangu, naweza kuwa namutetea. Njo maana nilitaka uchomoe na mukono yako mwenyewe."

Mkuki kwa nguruwe. Matthias alikaa chini juu ya kitenge changu, na sikumdai anisafishie.

Mambo ya karatasi yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Biro ikanyang'anywa kazi, Talitha akachukuliwa na commission arekebishe mashini zote, na Ève akarudishiwa kazi yake kwa barua yenye muhuri. Alipojua yote, kwanza alimkasirikia mdogo wake kwa kunyamaza, kisha akamshika kichwa kama alivyomshika akiwa mtoto, wakalia wote wawili. Mimi nilipika.

Wiki iliyofuata Matthias akaja na mchungaji na wazee wawili, na kuku wa suluhu, kama inavyotakiwa. Mchungaji akaomba, akasoma, akasema ndugu amejishusha, basi dada amsamehe. Nilijua Ève atasema ndiyo. Nilikuwa nimekunja uso tayari.

Ève akasema: "Pasteur, hapa Kamina hakuna muntu alinitupia matumbo ya samaki. Aende kule. Aseme kwa banamama, na kinywa yake. Kisha tutaongea habari ya kuku."

Dawa ya moto, nikajiambia. Matthias alitaka kubaki na kiti chake kanisani. Akakubali.

Tulikwenda na jeep ya kukodi: mchungaji, Matthias, Ève, Talitha, na mimi niliyedai kwamba nina vitenge vya kupeleka. Uongo. Nilitaka kuona. Ève alikuwa na mfuko magotini, na ndani ya mfuko amekunja blouse yake nyeupe ya kazi, imepigwa pasi. Alitarajia kubaki kule kule na kuanza kazi.

Wanawake walikusanyika mbele ya kituo, watoto mgongoni. Hawakumsalimia Ève. Mchungaji akaomba kwa ufupi, kisha Matthias akasimama mbele, viatu vyake vyeusi vimejaa tope.

"Banamama ba Kabondo," akaanza, "tunawaletea salamu za Kamina. Mvua imenyesha muzuri, mashamba iko na—"

"Anza tena," Ève akasema. Alikuwa amesimama kando yake, hajapandisha sauti.

Matthias akameza mate. "Banamama. Kulikuwa problème kidogo ya technique. Machine ilikosea—"

"Anza tena, Papa Matthias."

Akamgeukia mchungaji. Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Akatutazama sisi. Talitha alimtazama macho kwa macho, na mimi nikamtolea tabasamu, niombewe. Alipoanza mara ya tatu sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Frigo iliharibika. Machine ilitaka kusema, minyi nikaifunga kinywa. Minyi, si muntu mwingine. Na termometa za baganga nilizikamata minyi. Muganga Ève alikuwa hajui. Hakuweka samaki. Nilipojua ukweli nilinyamaza, nikamuacha abebe. Kosa ni yangu."

Mwanamke mmoja akatema mate chini. Wengine wakaanza kusemezana kwa Kiluba, sauti zikipanda, na mmoja akafunika uso kwa kanga kwa aibu, nadhani ni mmoja wa waliotupa matumbo. Nilisubiri apigwe. Nasema kweli, nilisubiri kofi moja tu, la nguvu.

Valérie ndiye aliyetoka. Ni mwanamke mwembamba, bado kijana. Alimpita Matthias bila kumtazama, akasimama mbele ya Ève.

"Tulikutendea vibaya," alisema. "Ile ni yetu, utusamehe."

Ève akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anajaribu kutabasamu.

"Nimeelewa sasa kama haikuwa weye, Muganga. Nimeelewa muzuri. Lakini Précieux ulimuchoma weye. Alilia, ukamushika mukono, ukamuambia, nyamaza papa, sasa hautagonjwa. Kila nikikuona, njo ninasikia ile."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hicho ndicho kilichonikata. Ève tabasamu likamwisha.

"Ndiyo," alisema. "Njo nilimuambia."

"Basi usirudie kukaa hapa. Nakuomba. Bakutume fasi ingine, bana ba kule watakupenda."

Ève akauweka mfuko chini, akauokota tena. "Nimesikia, mama," alisema. Wakashikana mikono kwa mikono yote miwili, muda mrefu, na Valérie akarudi kwa wenzake. Hapo nilimchukia Matthias kuliko siku zote za ukutani. Tulikuwa tumemvua kazi, tumemvua sauti, tumemsimamisha kwenye tope, na alichomchukulia Ève hakikuwa mikononi mwake tena akirudishe.

Tulirudi bila kuuza kitenge hata kimoja. Kabla hatujafika mbali jeep ikazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, Matthias pia, tai imetupwa begani. Gari lilipotoka alikuja dirishani kwa Talitha, ameloa hadi magotini, anahema.

"Ma fille," alisema, "nimesema yote, mbele ya bote. Sasa munanisamehe?"

Ève alikuwa amegeukia upande wa pili, mfuko magotini. Mchungaji akaacha kupangusa mikono ili asikie. Sisi tuna njia nyingi za kulijibu swali kama hilo: Mungu atasaidia, tutaona, twende kwanza nyumbani. Talitha anazijua zote.

"Hapana, Papa Matthias," alisema. "Hatukusamehe."

Akaachia ukingo wa dirisha. Kisha dereva akapiga honi, nami nikasogea kumpisha Matthias akae, maana gari lilikuwa moja na Kamina bado mbali.